Siku Laini Ilipokatwa

Muuza simu pale Sirisia alikuwa na kifaa kidogo cha kukatia laini, kama kile ambacho makarani hutumia kubania karatasi. Aliitia laini ya rafiki yangu ndani ya meno ya kifaa hicho, akasita, akatuangalia.

"Wazee, nikate?"

Rafiki yangu alinitazama mimi, kwa sababu simu mpya nilikuwa nimeileta mimi, kusoma mpaka kidato cha nne nilisoma mimi, na tangu asubuhi aliyekuwa anaongea ni mimi peke yangu. Ningeweza kusema tungoje. Ningeweza kusema twende kwanza tunywe chai. Nilisema, "Kata."

Ikalia ka! Laini ikatoka ndogo kama punje ya mahindi. Simu yake ya zamani, ile ya batani, haingeweza kuishika tena. Ingekuwa inachezacheza mle ndani kama jino bovu. Nilijua hivyo. Ndiyo sababu nilitaka ikatwe. Sikutaka mzee yule apate njia ya kurudi nyuma.

Mzee yule ni bakoki wangu. Kwa asiyejua, kwetu Bungoma bakoki ni mtu mliyepashwa tohara naye msimu mmoja. Sisi wawili tulitoka mtoni asubuhi moja ya mwezi wa nane, tumepakwa matope mpaka kwenye kope, na tangu siku hiyo kila mmoja ana ruhusa ambayo ndugu wa tumbo moja hawana: anaweza kumtukana mwenzake. Akimkuta kwenye kikao cha wazee, amtukane. Akimkuta msibani, amtukane kidogo, halafu walie pamoja. Na anayetukanwa haruhusiwi kukasirika. Hiyo ndiyo sheria yote. Ukikasirika, wewe ndiye umeharibu.

Mpaka ni mmoja tu. Maneno hayo hayafiki masikioni mwa wake za watoto wetu. Baba mkwe na mke wa mwanawe kwetu hawapeani hata mkono. Wakikutana njiani, kila mmoja anatafuta upande wake wa kupita.

Mimi niliondoka Sirisia nikiwa kijana, nikawa karani wa ghala la mahindi huko mji mdogo wa Kwanza, nikapiga taipureta miaka mingi, mwisho nikanunua shamba nje kidogo ya Kitale na kutulia. Yeye alibaki nyumbani akawa fundi wa matofali. Alifinyanga matofali, akayapanga tanurini, akayachoma, akayapakua kabla hayajapoa vizuri kwa sababu wenye nyumba hawana subira. Nusu ya kuta za Sirisia zimepita mikononi mwake. Tulikuwa tunaonana Krismasi na kwenye matanga, basi. Kila tulipoonana tulikaa na ubao wa drafti, tukicheza kwa vifuniko vya soda mpaka chakula kipoe.

Simu za batani zilipofika, mimi nikapata wazo, na hilo moja sijutii. Nilichukua mbao mbili za drafti, nikaandika namba kwenye kila mraba mweusi, moja mpaka thelathini na mbili, kwa wino wa muhuri usiofutika. Ubao mmoja nikampelekea. Kuanzia hapo tukawa tunacheza kwa ujumbe. Yeye anaandika "11 kwenda 15," mimi Kitale nasogeza kifuniko chake kwenye ubao wangu, nafikiri, najibu. Mchezo mmoja ulichukua wiki, wakati mwingine mwezi ikiwa ni msimu wa kupalilia.

Lakini namba zilikuwa chumvi tu ya mboga. Mboga yenyewe ilikuwa matusi. Kila asubuhi kabla ya chai nilifungua simu nikakuta kitu kama hiki:

"22 kwenda 17. Amka wewe. Siku ile mtoni ulipiga kelele mpaka ng'ombe wakaacha kula."

Nami namjibu: "9 kwenda 13. Wewe ulioa kwa huruma. Baba mkwe wako alidhani amekupa msaada."

"17 kwenda 10. Nakula kifuniko chako na uzee wako. Una miguu kama ya kuku wa kuazima."

Mke wangu alikuwa akinisikia nacheka peke yangu chumbani, anauliza kutoka jikoni, "Umeshatukanwa?" Nikisema ndiyo, anasema, "Haya, njoo sasa unywe chai." Siku ambayo mtandao ulipotea nilikuwa sinywi vizuri.

Mtu atauliza kwa nini hatukupigiana. Tulipigiana kwa mambo ya msiba na ugonjwa. Lakini nyumba ya mzee imejaa watu. Yeye anaishi uwanja mmoja na mwanawe wa mwisho na mke wa huyo mwana. Ungewezaje kupaza sauti ukayasema hayo? Ujumbe wa batani ulikuwa kama mnong'ono. Ulitoka kwenye dole gumba langu, ukaingia kwenye jicho lake, hakuna aliyesikia.

Na batani zenyewe zilitufaa. Mimi, kwa sababu ya taipureta, vidole vyangu vina akili yao. Lile tuta dogo kwenye batani ya tano lilikuwa kama mlango wa nyumbani. Nikishaligusa najua kila kitu kiko wapi. Niliandika mkono ukiwa mfukoni mwa koti, macho nimeyaelekeza kwa mhubiri, nimekunja uso kama mtu anayeguswa na neno. Yeye aliandika akiwa amechuchumaa mbele ya tanuri, mkono mmoja ukichochea moto. Simu yake aliifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili isifunguke. Herufi zote zilikuwa zimefutika kwenye batani, zimebaki nyeupe kama meno. Hakuzihitaji. Alibonyeza kwa nguvu ya mtu anayekandamiza udongo kwenye kalibu, na simu ikamwitikia kila mara: tik, tik, tik.

Halafu binti yangu, ambaye ni mwalimu, akaja likizo na simu ya kugusa. Kioo kitupu, hakuna batani hata moja. Alisema, "Baba, utatuona kwa picha. Utaona wajukuu." Nikaipenda. Sitadanganya, niliipenda sana. Nilikaa sebuleni nikiiinua kila mgeni alipoingia. Akaniuliza, "Na yule rafiki yako wa Sirisia, nimletee ya kwake?" Nikasema mlete, tena usiulize mara mbili. Nilitaka bakoki wangu awe na kitu ambacho wazee wengine wa Sirisia hawana. Na kuna hili pia: nilitaka ajue kimetoka kwangu.

Sasa hapa ndipo ninapojilaumu kuliko pale dukani. Mimi nilivijua vidole vya mtu huyu. Wakati wa kusajili wapiga kura nilikuwa Sirisia kwa matanga, tukasimama naye kwenye foleni. Mashine ya alama za vidole ilimkataa. Akaambiwa afute, akafuta kwenye suruali. Ikakataa. Akaambiwa anawe, akanawa. Ikakataa. Kijana wa mashine akamshika dole gumba, akaligeuza kwenye mwanga, akasema, "Mzee, hapa hakuna kitu." Moto na udongo vilikuwa vimekula mistari yote, ngozi ilikuwa nene, kavu, ngumu kama kisigino. Nilimcheka mbele ya foleni nzima. "Huyu hata akiiba hakamatwi!" Watu wakafa kwa kicheko, na yeye zaidi. Niliyaona hayo kwa macho yangu, kisha nikambebea mtu yuleyule simu ya kioo.

Pale dukani baada ya laini kukatwa, aligusa kioo. Hakikumwitikia. Akabonyeza, kikajaa ukungu wa mafuta tu. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, muuza simu akaruka: "Pole pole mzee, si tofali hii!"

"Bakoki," akaniambia, "hii kitu haijui mimi niko hapa."

"Utazoea," nikasema. "Hata mimi mwanzo ilinisumbua."

Uongo mtupu. Mimi haikunisumbua kwa vidole. Ilinisumbua kwa mambo mengine. Shavu langu lilimpigia mwenyekiti wa kanisa mara tatu kwa siku moja. Niliwatumia kwaya picha ya sikio langu. Na mfukoni haikuandika kabisa, kwa sababu kioo hakina tuta, hakina mlango, ni uwanja mtupu. Ilibidi niitoe nje niitazame. Jumapili ya kwanza nilipojaribu, uso wangu uliwaka katikati ya mahubiri kama taa ya stendi. Mhubiri akanyamaza. Mke wangu akanikanyaga. Nikajifanya natafuta mstari wa Biblia.

Kuhusu bakoki, nilirudi Kitale nikisubiri. Siku mbili kimya. Ya tatu ikaja:

"Habari ya asubuhi. Natumaini umeamka salama pamoja na familia. Ninasogeza 10 kwenda 14. Mungu akubariki."

Nilisoma mara nne. Nilidhani amepatwa na kitu. Nikamjibu kama kawaida, nikamgusia mambo ya mtoni, na safari hii niliongeza chumvi. Kesho yake:

"Asante kwa ujumbe wako. Ninasogeza 6 kwenda 10. Uwe na siku njema."

Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Umeshatukanwa?" Nikasema bado. Akasema, "Basi hata chai ngoja kidogo."

Nilijaribu kila kitu. Nilimtukana kuhusu tanuri lake lililowahi kuanguka. Nilimtukana kuhusu harusi yake, na suruali ya kuazima aliyovaa siku hiyo. Niliandika mambo ambayo hata kwenye kikao cha wazee ningeinamisha kichwa kabla ya kuyasema. Majibu yalikuja safi, yamenyooka, kama barua ya shule. Na uchezaji ukawa wa haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Nikaanza kufikiri. Nikafikiri ananidharau kwa sababu ya zawadi. Nikafikiri anasema moyoni, huyu wa Kitale amekuja kunionyesha mali. Mzee akikaa na kitu kama hicho, kinavimba.

Wiki ya tano niliandika hivi, na ninayakumbuka maneno yote: "Kama umechoka na mimi sema. Mimi si mtoto wa kuandikiwa salamu. Usinitumie namba tena mpaka ujue unaongea na nani."

Halikuwa tusi la bakoki. Nilikuwa nimekasirika kweli, na kila neno lilionyesha hivyo.

Jibu likaja jioni. "Nimesikia."

Ubao wangu ulikaa mezani na vifuniko vyake bila kuguswa, tangu kupanda mpaka kuvuna. Mke wangu alipangusa vumbi kuuzunguka, hakuusogeza. Mara moja aliniambia, "Si umpigie tu?" Nikasema yeye ndiye apige.

Aliyenifungua macho ni mke wa mwanawe. Nilikuwa nimekwenda Sirisia kwa harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Nikamkuta mama huyo anauza ndizi sokoni. Aliponiona aliinama, akaficha uso kwa kitambaa cha kichwa, akawa kama anayetaka kuingia chini ya meza. Nikasema moyoni, na huyu naye ana hasira? Nikamsalimu, nikauliza habari za mzee.

Akajibu akiangalia ndizi. "Baba, mzee yuko. Lakini mimi naomba msamaha. Mimi ndiye nilikuwa naandika."

"Unaandika nini, mama?"

"Zile namba. Ile simu ilikataa vidole vyake kabisa. Alijaribu mate, alijaribu kijiti. Siku moja nikamkuta nyuma ya choo anaandika na pua." Hapo akashindwa kujizuia akacheka, kisha akakumbuka anaongea na mimi, akaziba mdomo kwa kitambaa. "Nikamwambia, baba, iweke kwenye kigoda nikusaidie, maana mwanao hushinda kazini. Akawa ananiambia namba, mimi naongeza salamu, maana si vizuri kutuma namba tupu kwa mzee."

"Na zangu? Nani alizifungua zangu?"

Akainama zaidi. "Ni mimi, baba. Nilifungua, nikamsomea ya kwanza mpaka katikati, halafu mzee akasimama akaenda. Zile zingine nilikuwa nasoma namba peke yake."

Nilisimama pale sokoni nikizihesabu moja moja. Ile ya suruali. Ile ya mtoni, ambayo niliiongeza chumvi. Zote zilikuwa zimepita mbele ya macho ya mke wa mwanawe, na yule mzee aliishi naye uwanja mmoja, akila chakula alichopika, akijua kwamba mama huyo anajua. Na hakuniambia nikome. Angeniambiaje? Kwa kumwamuru huyo huyo aandike?

"Kwa nini hakuirudisha simu? Kwa nini hakuchukua laini nyingine?"

"Alisema bakoki akikupa kitu hukirudishi mpaka mwenyewe akiombe."

Ni kweli, ndivyo ilivyo kwetu, na mimi nilikuwa nimeisahau desturi hiyo kwa kukaa Kitale. Mzee wa watu alikuwa anasubiri niombe simu yangu.

Sikungoja. Nilirudi Kitale, nikanunua simu mbili za batani. Bado zinauzwa, zimepangwa chini kabisa kwenye kabati la vioo, mahali pa kuinamia. Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Wiki ile ile nilirudi Sirisia, tukaenda naye kuchukua laini nzima yenye namba yake ile ile. Kwanza, lakini, nilikaa kwenye kiti nyumbani kwake nikasema jinsi inavyotakiwa kusemwa: "Bakoki, kuna simu nilikupa. Naiomba."

Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka nayo imefungwa kwenye kitambaa, safi kama siku ilipotoka dukani. Alinipa kwa mikono miwili. Nami nikampa ile ya batani. Akaishika, akaipima uzito, akabonyeza ya tano. Tik. Akabonyeza tena. Uso wake ukafunguka wote, akacheka kile kicheko chake cha tumboni.

"Hii inanijua," akasema.

Nikamwomba msamaha kwa yale yaliyosomwa. Akapunga mkono. "Wewe hukujua." Nikamwomba msamaha kwa kioo. Akasema, "Si hata mimi nilikitaka? Nilitaka kupiga picha tanuri." Tulikula kuku, tukacheza michezo mitatu kwa mkono, akanifunga yote. Nilirudi nyumbani kama bwana harusi.

Kesho yake niliamka mapema kuliko jogoo. Simu ikalia.

"11 kwenda 15. Habari ya asubuhi."

Nikadhani bado anazoea. Nikamtumia 22 kwenda 18 na tusi moja jepesi, la kufungulia mlango. Akajibu, "22 kwenda 18 ni nzuri, umefikiri. Asante." Wiki ikapita hivyo. Mwezi. Na safari hii hakuna mtu aliyemwandikia. Nilizijua batani zake, mapengo yake, jinsi anavyoruka nukta. Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Krismasi tulipokutana nikamuuliza uso kwa uso. "Bakoki, mbona hunitukani?"

Alikuwa anapanga vifuniko kwenye ubao. Hakuinua kichwa, wala hakuwa na uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza udongo gani unafaa na upi unapasuka.

"Ulikasirika," akasema. "Ujumbe ule wa mwisho haukuwa na namba, nikamwambia mke wa mwanangu anisomee wote, mpaka neno la mwisho. Bakoki hakasiriki. Mtu akikasirika, mimi nampa heshima yake."

"Nilikasirika mara moja tu, bana."

"Ndiyo. Sasa cheza, mzee."

Mzee. Miaka yote ile hajawahi kuniita hivyo.

Tunacheza mpaka leo. Simu yangu ya kioo niliwaachia wajukuu, wanaangalia katuni. Ya batani iko mfukoni mwa koti langu, na Jumapili vidole vyangu vinajua njia. Ananifunga michezo saba katika kumi, kwa adabu, na kila asubuhi ananitakia siku njema. Bakoki wengine wa msimu wetu wamekwisha. Alikuwa amebaki yeye. Mke wangu haulizi tena kutoka jikoni. Kwa kusema kata siku ile, nilimpoteza mtu wa mwisho duniani aliyekuwa na haki ya kunitukana.